Kwenda Pwani Mikono Mitupu

Mwanangu Atija,

Barua hii nimeitia chini kabisa ya begi, ndani ya ile kanga ya kijani aliyokupa shangazi yako, kwa sababu wanaopekua mabegi huanzia juu na huchoka kabla ya kufika chini. Najua, maana kazi yangu ni hiyohiyo. Pale kwenye kizuizi cha Awasse watakushusha, watafungua zipu, watainua nguo mbili tatu, kisha watamwita anayefuata. Kwa hiyo ukiisoma hii, ama umeshafika Pemba, Pemba yetu hii ya Msumbiji, ama wapekuzi wa siku hizi wamekuwa hodari kuliko mimi. Kama ni mpekuzi ndiye anayesoma, namsalimu na namwomba airudishe alipoikuta.

Sasa ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako Somoe, na mama yako yuko jikoni anakaanga vitumbua vya njiani huku akilalamika kuwa mafuta ya siku hizi yanachanganywa na kitu. Mambo ya dawa ya malaria, namba za simu za watu wetu walioko Pemba, na nani usikae naye karibu garini, ameshakuambia yeye, na nadhani ataendelea kukuambia mpaka dereva awashe gari. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, nalo linahusu pwani na yale matembezi yako, ambayo nusura niyaue kwa mkono wangu. Unajua nilichokifanya, maana ulikuwepo. Lakini kuna mengine hukuyaona.

Unanijua baba yako. Mtu akinisalimia mara mbili, namshuku. Akiniwekea sukari nyingi kwenye chai, namshuku zaidi. Mama yako husema hata mchimba kaburi langu nitamwuliza ametumwa na nani. Tangu ujana nimesimama kwenye geti la porto, bandari yetu, mgongo kwenye maji, uso kwa watu. Ndivyo mlinzi anavyosimama. Bahari haiibi gunia la saruji, watu ndio wanaoiba. Basi umri wote huu nimeshinda karibu na bahari, na ukiniuliza ilikuwa na rangi gani siku yoyote ile, siwezi kukuambia. Ninachokijua ni mikono ya watu. Mwenye gunia la mchele kutoka Mtwara, mwenye tenga la samaki, mwenye dumu la mafuta ya taa, hao naelewana nao. Anayenisumbua ni yule anayekuja porto mikono mitupu. Hapakii, hashushi, hauzi, hanunui. Huyo amekuja kufanya nini?

Usidhani naudharau ushuku wangu. Uliwahi kutuokoa, na wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Niliwaona vijana wamesimama karibu na ghala, mikono mitupu, wanatazama huku na huku na kunitabasamia bila sababu. Sikuwapenda. Niliacha zamu nikaja nyumbani nikamwambia mama yako afunge vitu. Majirani walitucheka tulipokuwa tunapanda mashua na masufuria yetu. Wiki haikwisha, habari zikatufikia kule kisiwani Rongui kwamba mji umechomwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka tena, na nadhani hapo ndipo nilipoharibika. Nilipatia mara moja nikadhani nimepatia maisha yote.

Rongui tulikaa kwenye dago la wavuvi, vibanda vya makuti na moshi wa samaki. Sijui kama unakikumbuka kisiwa kile kwa ubaya au kwa uzuri, sijawahi kukuuliza. Upande wa pili palikuwa na mteremko wa mchanga, na nyinyi watoto mkabuni mchezo: mtu anakaa juu ya kuti kavu, anasukumwa, anateleza mpaka majini. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko wenzako, ndiwe uliyekuwa msukumaji. Halafu siku moja wakakulazimisha ukae wewe, nao wote wakakusukuma pamoja, ukaenda chini kwa kasi ukapinduka, na ukacheka. Ulicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na nilikuwa mbali.

Nilikuja mbio nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nikakuambia sauti inakwenda mbali juu ya maji, ukicheka watatusikia. Ukauliza nani. Nikasema sijui nani. Hukulia. Ulitazama mkono wangu tu, kisha ukaenda kukaa kibandani, na wenzako wakaondoka mmoja mmoja. Kuti lenu lilibaki pale mchangani mpaka lilipochukuliwa na maji.

Mama yako aliniambia siku zilezile kwamba nimekufundisha kuogopa nje. Nikamjibu kuwa nje ndiko kunakoua. Nilikuwa na hakika. Sasa hivi nikiwaza, naona katika mambo yote tuliyopoteza, nyumba, cherehani ya mama yako, mbuzi, hilo moja, kicheko chako, sikunyang'anywa na adui. Nililitoa mwenyewe.

Tuliporudi mjini kwetu Mocímboa, tulirudi watu wa ndani. Unakumbuka tulivyokuwa. Kazini, sokoni, msikitini, nyumbani, mlango unafungwa. Mji mzima ulikuwa hivyo. Watu wamekaa vibarazani wanatazamana, na bahari iko pale nyuma ya nyumba haina mtu ila wenye kazi.

Na kwetu hata kabla ya vita hakuna aliyekwenda pwani bure. Bamvua ikifika, maji yakatoka mpaka mwamba ukaonekana, wanawake huteremka na ndoo na chuma cha kuchokolea pweza. Mwenye ndoo haulizwi kitu. Asiye na ndoo huulizwa na kila nyumba anayoipita amepoteza nini. Bibi yako, mama yangu, alikuwa akipenda tu kwenda kukaa kwenye mchanga akapigwa na upepo. Alibeba ndoo tupu, akairudisha tupu, na njiani akiulizwa alisema leo hakuna kitu, pweza wamehama. Alifanya hivyo mpaka uzee wake. Nikiwa mtoto nilidhani mama yangu ni mvuvi mbaya sana.

Sasa ndiyo siku ile matembezi yako yalipoanza. Niko getini, mgongo kwenye maji, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, mbali mchangani. Nikashuku. Nani anacheka pwani mchana kweupe, na anacheka nini? Nikamwachia mwenzangu geti nikaenda kuchunguza. Nikakuta ni wewe, umelowa mpaka mabegani, watoto wa mtaa wanakufukuza, na hakuna hata mmoja aliyebeba ndoo. Natamani niandike kwamba nilifurahi. Kwanza niliangalia ni nani wengine waliosimama karibu. Halafu nikaangalia tena. Furaha ilikuja baadaye, njiani nikirudi kazini, ikanikuta peke yangu nyuma ya ghala, nikalazimika kusimama kidogo kabla ya kurudi getini ili mwenzangu asiuone uso wangu.

Hivyo ndivyo ulivyoanza. Bamvua hiyo watoto, bamvua iliyofuata mama zao. Ulisema kila maji yakitoka, anayetaka aje, asibebe kitu. Mimi nilikuwa nakusikiliza huku nakula na nikajisemea moyoni, hapa pana jambo. Ulikuja kuniomba ule mkokoteni wa porto wenye magurudumu mapana, wa kubebea barafu, eti ni wa kumbebea shangazi Somoe. Nilikuuliza maswali mengi kuliko ninavyomwuliza mwenye shehena. Kumbe ulikuwa umemwuliza shangazi yako swali moja tu, ungependa nini ukiwa pwani, naye kwa magoti yake yale na mwili wake ule alikuwa amekujibu kwamba angependa kufika mahali ambapo nyumba hazionekani tena. Ndipo ukamtandikia godoro kwenye mkokoteni wa barafu, vijana wakausukuma, naye akapita katikati ya mji ameketi kama bibi harusi, anawapungia watu waliozoea kumwona dirishani.

Nilikufuata mara ile, uliniona. Nilikuja na ndoo nikajifanya natafuta kombe, mimi ambaye sijui kombe anakaa wapi. Nilikuwa nasikiliza. Nilitaka kujua unawaambia nini watu hawa. Hukuwaambia kitu. Ulikuwa unamwendea kila mmoja unamwuliza lake. Mzee Bacari wa kofia alitaka kulala chali kwenye mchanga wa baridi bila mtu kumwuliza kama amekufa, basi ukawakataza watoto wasimkaribie, akalala mpaka maji yakaanza kurudi. Wasichana walitaka kujifunza kuogelea pasipo wavulana kuwaona, ukawapeleka nyuma ya mwamba. Na mama Verónica hakutaka hata kuyagusa maji.

Huyo nilimpenda tangu mwanzo, sikukuambia. Mama wa Kimakonde kutoka bara, nyumba yao imeungua, amekuja mtaani kwetu na mjukuu wake Lina, na bahari ameanza kuiona uzeeni. Nilimsikia akikuambia kwamba kitu kinachotembea chenyewe bila miguu yeye hakiamini. Alitaka apite kandokando, mbali na maji, amemshika Lina mkono, asikie tu. Ukatembea naye. Nikajisemea, alhamdulillahi, nimepata mwenzangu.

Halafu ndiye huyohuyo niliyemfukuza.

Nikueleze ilivyokuwa kichwani mwangu, maana ulichokiona wewe ni mtu amesimama njiani na rungu. Mchukuzi mmoja wa porto aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanaulizana, binti yako anawakusanyia nini watu mchangani? Vijana wengi pamoja, wageni, wa pwani na wa bara, hawabebi kitu. Sauti ya chini hunitisha kuliko bunduki. Na nilikuwa nimemwona mimi mwenyewe kijana mgeni, viatu vipya, anafuata kundi lenu. Nikaona vijana wale wa ghalani. Nikaona moto. Sikuja kwako kukuuliza, ingawa tunalala nyumba moja. Mtu anayeshuku haulizi anayempenda, anaogopa kusikia jibu. Nilichukua rungu na tochi, mchana ule na tochi, nikaenda kusimama pale njia inapoishia na mchanga unapoanza, nikaanza kuwadai watu vitambulisho.

Wewe ulikuwa umetangulia na watoto, hukuniona. Waliokuwa navyo walivitoa, lakini nyuso zao zilibadilika, na wengine baada ya kurudishiwa hawakuendelea, waligeuka wakarudi walikotoka. Wasichana wa nyuma ya mwamba waliniona kwa mbali hawakufika hata. Kisha akaja mama Verónica na Lina. Nilimwambia naomba bilhete, yaani kitambulisho. Naye akanijibu taratibu, kama anamweleza mtoto.

"Karatasi yangu iliungua na nyumba, baba Atija. Mimi ndiye huyu."

Nilijua anasema kweli. Nusu ya mji huu karatasi zao ziliungua. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea, na mdomo umeshazoea, nikamwambia akiipata aje. Alinitazama, akamtazama Lina, akageuka. Lina ndiye aliyekuwa akiangalia nyuma, mpaka wakakata kona.

Na ujue hili, Atija, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nilipoona njia imebaki tupu nilijisemea, sasa pametulia.

Ulipokuja uliitazama njia, ukanitazama mimi, ukatazama rungu. Nilikuwa nimejiandaa ugombe. Nilikuwa na majibu yangu, ya ghalani, ya moto, yote. Ulisema maneno manne tu: "Baba, huku si porto." Ukarudi kwa watoto. Majibu yangu nikabaki nayo.

Yule kijana wa viatu vipya alikuwa shemeji yake Mzee Bacari kutoka Mtwara. Viatu vyake vilikuwa vipya kwa sababu anauza viatu.

Bamvua iliyofuata walikuja watoto watano sita na shangazi Somoe. Iliyofuata, pungufu ya hao. Wewe ulikwenda kila mara, unasukuma mkokoteni na wenzako waliobaki, unarudi, unaosha miguu mlangoni. Hukunisema kwa mama yako wala kwa mtu. Ningependa ungenisema. Halafu ikaja ile habari ya chuo, kwamba umepata nafasi Pemba ya kusomea ualimu wa michezo, na nyumba nzima ikapiga vigelegele, nami nikawa nahesabu moyoni: anaondoka, na nyuma yake anaacha mchanga mtupu, na aliyewaondoa watu ni mimi. Shangazi yako hakunifichia. Aliniambia mbele ya mama yako kwamba miguu yake nimeikata mara ya pili.

Basi nikaenda kwa mama Verónica. Hili hulijui. Nilikwenda nikiwa na sare, sijui kwa nini, labda niliogopa kwenda bila kitu mwilini. Nikapiga hodi. Alikuwa anamenya muhogo uani na Lina. Hakuniambia karibu. Alifuta mikono, akasimama mlangoni kwake, mlango wenyewe ni bati na mabua, akaninyooshea kiganja.

"Kitambulisho," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikakitoa mfukoni nikampa. Hasomi, lakini alikigeuza mbele na nyuma, akailinganisha picha na uso wangu kwa muda ambao sijawahi kumfanyia mtu hata getini, huku mimi nimesimama juani na majirani wananitazama. Unajua hicho nilichokisikia? Sikuwa na kosa lolote, karatasi yangu ni halali, na bado nilijiona mwizi. Akanirudishia. Akasema haya, karibu, na Lina akaniletea kigoda.

Nilimwomba radhi. Alipokea, akaendelea kumenya. Nikamwambia binti yangu anaondoka na ningependa kabla hajaondoka aone watu wamerudi pwani. Akasema yeye haogopi rungu, ameona makubwa kuliko rungu. Kinachomchosha ni macho. Tangu wafike mjini kila mahali kuna mtu anawatazama, sokoni, kisimani, kwenye foleni ya chakula, anawatazama mikono yao. Kule mchangani, alisema, ndiko mahali pekee alikopita na mjukuu wake bila kutazamwa.

"Nitakuja siku utakayosimama umetupa mgongo," akaniambia. "Utazame maji. Usitutazame sisi."

Nikamwambia mlinzi hawapi watu mgongo. Akasema basi, na akanimenyea kipande cha muhogo nile njiani.

Nilikaa na maneno hayo, mwanangu, na sikuyapenda. Nilimshuku hata yeye. Nikajiuliza kwa nini anataka nigeuke, kuna nini atakachokifanya nikigeuka? Uone ugonjwa ulipofika. Mwanamke mzee mwenye muhogo.

Bamvua ya juzi ulishangaa kuniona mchangani. Ulikuwa mbele na mkokoteni, shangazi yako anakuelekeza njia kama nahodha, ukaniona nimesimama pale njia inapoishia, ukadhani nimekuja kulinda tena, nikaona mabega yako yameshuka. Kisha ukaona sina rungu, na nimegeukia bahari, ukaenda zako. Nakushukuru kwa kutosema kitu. Haya yaliyofuata hukuyaona.

Shingo iliniwasha. Niliposikia hatua za kwanza nyuma yangu, mwili wote ulitaka kugeuka, kama mtu anayetaka kukohoa msikitini. Nikajua ni watoto, kisha nikasema labda si watoto. Nikajaribu kuwahesabu kwa masikio, nikajikemea. Nikaona kwa kuwa nimelazimishwa kutazama maji, basi niyatazame. Karibu na miguu yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mbele kidogo kijani. Kule kwenye mwamba buluu ya sare za shule, na inabadilika ukiitazama. Nilisimama pale mtu mzima mwenye mvi, nimezaliwa mji huu, naona bahari ina rangi tatu. Nilimwelewa mama yangu na ndoo yake.

Watu walipita. Shangazi yako, niliyemwambia mapema, alikuwa amepeleka habari mtaa mzima kwamba leo mlinzi amepofuka, njooni. Nilisikia vicheko vya wasichana, vikapungua karibu yangu, vikaongezeka walipokwisha pita. Mzee Bacari akanigonga begani akasema, leo na wewe unalala umesimama? Halafu hatua za polepole, na zikasimama nyuma yangu kabisa.

"Kitambulisho unacho?" mama Verónica akauliza.

Nikamwambia nimekiacha nyumbani. Sikugeuka.

"Changu kiliungua. Basi tuko sawa."

Nikasikia kitu kwenye kiganja changu, vidole vidogo vyenye uji mkavu. Akaniambia nimshike huyu Lina, ampeleke majini mwenye bahari yake, yeye maji bado hayaamini. Kisha hatua zake zikaenda kandokando, mbali na maji, kama anavyopenda, na mimi nikabaki na mjukuu wa mwanamke niliyemfukuza.

Tukaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lina akaniuliza, babu, tunatafuta nini? Swali langu mwenyewe, la geti. Nikamwambia hatutafuti kitu. Akaridhika upesi kuliko nilivyowahi kuridhika mimi. Wimbi dogo likaja, nikamnyanyua kwa mikono yote miwili likapita chini ya miguu yake, nikamtua, akacheka. Akacheka kwa nguvu, Atija, sauti ikaenda juu ya maji mpaka nadhani ilifika porto. Na mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Unaujua mkono huo. Ulikuwa umeshafika karibu na mdomo wake nilipouona. Nikauingiza majini nikaushikilia humo mpaka alipomaliza kucheka, naye akasema, tena.

Nisamehe kwa ile ya Rongui. Sijawahi kusema, nasema sasa.

Huko chuoni watakupa filimbi. Filimbi naishuku. Mtu akishapewa filimbi huona ni vizuri watu wote wakikimbia upande mmoja, na shangazi Somoe hakimbii upande wowote. Ipokee, ni kazi, lakini ukiwa mwalimu endelea kuwauliza watu kama ulivyokuwa ukiwauliza hapa, kila mtu lake, hata anayetaka kulala tu. Wengine watakuwa wakali na wewe mwanzoni, watadhani una lako jambo. Usiwakasirikie. Wamekaa na watu kama mimi.

Na sikuambii uache kushuku. Nani atakayeamini maneno hayo yakitoka kwangu? Dunia yetu bado si shwari, na Pemba ina watu wake. Shuku. Lakini ukimshuku mtu, nenda ukae karibu naye umwulize habari zake, usiende kusimama njiani. Mimi nilisimama njiani nikawazuia wauza viatu na bibi kizee, na kama angepita mbaya wa kweli angekuwa na kitambulisho kizuri kabisa.

Matembezi yako yako salama, kadiri kitu kinavyoweza kuwa salama kwetu. Shangazi yako amejifanya mkubwa wa shughuli, na anayesukuma mkokoteni ni mimi. Bamvua ijayo Lina ataniuliza tena tunatafuta nini. Mama Verónica atapita kandokando.

Nakupenda, na naogopa. Tangu ulipopata nafasi hiyo usingizi wangu ni wa vipande. Leo nimelipekua begi lako mara tatu, nikitafuta sijui nini, nikaona ile nguo yako ya kuogelea uliyoificha ndani ya taulo ili nisiione. Nimeikunja vizuri nikairudisha.

Nasikia sauti yako mlangoni, umerudi kwa shangazi, unamcheka mama yako na vitumbua vyake. Naacha kuandika.

Kesho gari likiondoka, utatoa kichwa dirishani kama unavyofanya siku zote, na utaniona nimegeuka kabla hamjafika kona. Mama yako atapunga mkono kwa niaba yetu wote wawili. Usidhani nimekasirika, wala usidhani nalia, ingawa huenda nikawa nalia. Nimekutazama tangu ulipozaliwa, kila hatua, kila mkono uliokushika. Nenda sasa bila kutazamwa. Mimi nitakuwa nimewapa mgongo, naangalia bahari imeamka na rangi gani.

Baba yako,
Sumail